Mto Yongoma na Deni la Mpunga

Skimu ya umwagiliaji ya Ndungu, iliyojengwa kwa msaada wa Japani mwishoni mwa miaka ya 1980 kwenye tambarare iliyo chini ya milima ya Upare Kusini, wilayani Same, ina takriban hekta 680 za majaruba ya mpunga, na tegemeo lake ni mto mmoja, Yongoma, unaoshuka kutoka milimani. Kwa hiyo yeyote anayemkopesha mkulima wa Ndungu, awe mwenye duka la pembejeo, chama cha akiba na mikopo au benki, anaukopesha na mto huo, ingawa jina lake halimo katika fomu ya mkopo.

Mabadiliko ya tabianchi yanapougusa mto huo, mkopo nao huguswa, na wataalamu wa fedha huiita hali hii hatari ya kimaumbile, yaani hasara inayoletwa moja kwa moja na ukame, mafuriko au maporomoko ya ardhi kama yale yaliyoua watu zaidi ya 20 huko Goha, Mamba Miamba, Novemba 2009. Ukame huja kimyakimya zaidi. Mpunga ukikosa maji wakati wa kuchanua, suke husimama wima likiwa jepesi, na linapopurwa hutoka mapepe, yaani maganda yasiyo na punje, ilhali mbolea, palizi na vibarua vimekwisha kulipiwa kwa fedha za mkopo. Mwenye mashine ya kukoboa, ambaye huenda hana hata jaruba moja, naye hukosa magunia ya kukoboa, lakini tarehe ya rejesho la mkopo alionunulia mashine haisogei kwa sababu mvua imechelewa.

Hapo ndipo udhaifu wa dhamana ya kikundi unapojitokeza. Utaratibu wa wanachama kudhaminiana umewafaa wengi wasio na hati ya nyumba wala shamba, kwa kuwa mmoja akiugua, wenzake humbeba. Lakini umejengwa juu ya dhana kwamba hawataanguka wote msimu mmoja, na dhana hiyo haisimami pale ambapo mdhamini na mdhaminiwa wanakunywa mfereji mmoja. Bima ya mazao inayofuata kipimo cha mvua, ambayo hulipa fidia mvua ikishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa bila mkaguzi kwenda shambani, nayo ina tatizo lake Ndungu, maana mvua inayolisha majaruba hunyesha mlimani, na kipimo kilichosimikwa tambarare kinaweza kuonyesha msimu mwema huku mto ukiwa umenywea.

Aina ya pili ya hatari ya tabianchi ni hatari ya mpito, inayotokana na sheria na masoko yanayobadilika ili kukabiliana na joto la dunia. Kwa Upare inagusa zaidi kahawa ya milimani, kwani sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inataka kahawa inayoingia huko ithibitishwe kuwa haikutoka kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya mwaka 2020.

Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwaka 2022 mwongozo unaozitaka benki zizipime hatari hizi, jambo la kupongezwa, ila kipimo chenye maana kwa Ndungu hakiwezi kufanyika ofisini peke yake. Wapare walijua zamani kwamba maji ni mali ya kutunzwa kwa pamoja: walichimba ndiva, mabwawa madogo ya kukusanya maji ya usiku ili yafunguliwe mchana, na kuyazibua kwa msaragambo, kazi ya kijiji kizima. Msitu wa juu na mfereji wa chini ndivyo dhamana halisi ya mkopo wa mpunga, na afisa mikopo anayeuliza hati ya shamba na majina ya wadhamini angepaswa kuuliza pia kama jaruba liko mwanzo au mwisho wa mfereji, kwa kuwa Yongoma ukipungua, wa mwisho ndiye anayekauka kwanza.