MGOMBA NA MBUNI KATIKA SHAMBA MOJA



Huko Ufaransa, katika nchi ya Champagne, kipo kijiji kiitwacho Cramant, ambacho jina lake limeenea kwa divai yenye povu itokanayo na zabibu za Chardonnay. Kwetu Afrika Mashariki, mfano wake ni miteremko ya Kilimanjaro juu ya mji wa Moshi, kama Marangu na Mwika. Huko povu hutoka katika ndizi, na kinywaji chenyewe ni mbege. Kwa walio wengi wetu hicho ni haramu, wala hatuandiki ili kukisifu. Twaandika kwa sababu ya shamba kinakotoka, maana lina funzo kwa mwenye mikarafuu.

Wachagga huliita shamba hilo kihamba. Huizunguka nyumba, na watoto hulirithi kwa baba zao. Juu husimama migomba, na chini ya kivuli chake mibuni.

Ndizi mbivu huchemshwa mpaka zigeuke nyekundu, huachwa siku kadhaa, kisha hutiwa maji na kuchujwa. Ulezi huchipuzwa, hukaushwa, husagwa na kupikwa uji. Uji ukipoa huchanganywa na maji yale ya ndizi, na gome la msesewa hutiwa kuleta uchungu. Mbege haikai siku nyingi ila huchachuka, kwa hiyo mnunuzi wake ni jirani, na fedha hubaki kijijini.

Kahawa ni kinyume chake: mnunuzi yu ng'ambo. Wakulima wa Kilimanjaro walilijua hilo mapema, wakaunda chama mwaka 1925, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, wapate kuuza kwa sauti moja. Lakini mwaka 1989 mapatano ya dunia ya kugawana mauzo ya kahawa yalipovunjika, bei ilianguka, na umoja wao peke yake haukuweza kuizuia. Wako waliong'oa mibuni. Migomba ilibaki. Na kwa desturi yao fedha ya kahawa ilikuwa ya mwanamume, bali ndizi na mbege zilikuwa za mwanamke. Basi bei ya ng'ambo ikianguka, mama bado ana cha kupeleka sokoni.

Sisi nasi yalitufika. Indonesia, mnunuzi wetu mkubwa, ilipanda mikarafuu yake yenyewe, na katika miaka ya 1980 bei yetu ikaporomoka. Tena mkarafuu una tabia yake: mwaka huu huzaa sana, mwaka ujao hupumzika. Karafuu ni mali, lakini haijazi sufuria.

Kwa hiyo twawasihi wanachama: palipo na pengo shambani, panda mgomba au muhogo, na kipato chake mwachie mama wa nyumba. Tuendelee kuanika vizuri na kushikamana katika bei. Lakini chakula cha watoto kisingoje habari kutoka ng'ambo.

Wabillahi tawfiq.

Katibu