Ndoa na Mpaka (Sehemu ya Tatu): Kumzuru Mume Ujerumani Wakati Visa ya Kuhamia Haijatoka

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulieleza jinsi ndoa ya Mkenya na mgeni inavyosajiliwa, kisha makaratasi ambayo ubalozi wa Ujerumani hudai kabla ya kutoa visa ya kuunganisha familia. Leo tunaingia katika swali linaloulizwa zaidi hapa Ukunda na kote Diani, ambako ndoa za namna hii si ngeni tangu watalii wa Kijerumani walipoanza kuja kwa wingi. Ombi la visa ya kuhamia huchukua miezi mingi, hasa vyeti vya Kenya vinapopelekwa kuhakikiwa kwanza. Je, katika kungoja huko, mke hawezi kupata visa ya kutembea, akakae na mumewe majuma machache, kisha arudi?

Sheria haimzuii. Kikwazo kiko kwingine.

Visa ya kutembea ni ile ya Schengen. Humruhusu mtu kukaa siku zisizozidi 90 katika kila kipindi cha siku 180. Ada yake kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na mwombaji sharti awe na bima ya safari ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Uamuzi hutarajiwa ndani ya siku 15, ingawa waweza kusogezwa hadi siku 45. Visa ya kuhamia ni nyingine kabisa: hutolewa kwa sheria ya Ujerumani yenyewe, na mke wa raia wa Ujerumani halipishwi ada yake.

Sasa mtazame afisa anayelisoma ombi la kutembea. Kanuni ya visa ya Umoja wa Ulaya, namba 810 ya mwaka 2009, inamwagiza katika kifungu cha 32 amkatalie mtu yeyote ambaye kuna shaka ya msingi kama ataondoka kabla ya visa yake kwisha. Mbele yake yuko mwanamke ambaye mumewe, nyumba ya mumewe na matumaini yake yote viko Ujerumani, na ambaye ameshatia saini karatasi isemayo kwamba anataka kuishi huko. Ombi lile la kwanza, lililoandikwa kwa ukweli mtupu, ndilo linalolitia shaka hili la pili. Wengi hukataliwa hapa, nao huondoka wakidhani kuna jambo baya limeandikwa juu yao. Hakuna. Ndoa yao ndiyo iliyozua shaka.

Mume naye hudhani dawa ni fedha. Huenda katika ofisi ya wageni ya mji wake, akalipa euro 29, akatia saini hati ya kujifunga kwamba atabeba gharama zote za mgeni wake. Hati hiyo ni ya lazima kwa wengi, na si ya kuchezea, kwani serikali yaweza kumdai aliyeitia saini kila senti iliyotumika kwa mgeni wake. Lakini inajibu swali moja tu, la nani atalipa. Swali la kurudi linabaki palepale, na la kulijibu ni huyu aliyeko Ukunda: barua ya mwajiri wake inayotaja likizo inaanza lini na kazi inaendelea lini, watoto walioko shule, kiwanja au biashara yenye leseni, na zaidi ya yote darasa la Kijerumani ambalo hajalimaliza. Tangu mwaka 2007 Ujerumani imewataka wake na waume wanaohamia, isipokuwa wachache waliosamehewa, waonyeshe kwamba wanaijua lugha kwa kiwango cha A1. Mwombaji aliyejiandikisha kwa mtihani wa Goethe-Institut jijini Nairobi mwezi unaofuata safari yake ana sababu ya kurudi inayosomeka katika karatasi. Naye aandike waziwazi katika barua yake kwamba ombi la kuhamia liko mezani, na kwamba atarudi kulisubiri nyumbani. Kulificha ni bure, maana ubalozi unaolipokea hili ndio ulio na lile.

Kuna ushauri unaozunguka vijiweni ambao lazima niupinge kwa nguvu zote: nenda tu kwa visa ya kutembea, ukishafika utabadilishiwa hukohuko. Wengine huongeza kwamba mkafunge ndoa Denmark, ambako taratibu ni nyepesi, kisha mrudi Ujerumani na cheti mkononi. Mwaka 2010 mahakama ya juu ya kesi za utawala ya Ujerumani iliamua shauri la mwanamke wa Belarus aliyefanya hivyo hasa. Alikuwa na visa ya Schengen, akaolewa na Mjerumani nchini Denmark, akaomba kibali cha kukaa. Mahakama ilisema aliyekusudia kukaa alipaswa kuingia kwa visa ya kukaa. Ziko hali za kipekee ambapo ofisi ya wageni yaweza kumsamehe mtu safari ya kurudi kwao, lakini huo ni uamuzi wa ofisi, si haki ya kudai. Na anayesema uongo katika fomu ya visa anatenda kosa la jinai kwa sheria ya huko. Kuzidisha siku nako hakufichiki tena: tangu Oktoba 2025 nchi za Schengen zimeanza kusajili kuingia na kutoka kwa mgeni kwa alama za vidole na picha ya uso.

Hali hubadilika kama mume ni raia wa nchi moja ya Umoja wa Ulaya anayeishi katika nchi nyingine ya Umoja huo, tuseme Mwitaliano aliyehamia Munich. Mkewe analindwa na agizo namba 38 la mwaka 2004: visa yake haina ada na yapaswa kushughulikiwa haraka. Ajabu ni kwamba mke wa Mjerumani anayeishi kwao Ujerumani hana kinga hiyo.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa wengi ni kwamba mume ndiye aje. Tangu Januari 2024 mgeni huomba idhini ya kuingia Kenya kwa intaneti kabla ya safari, akaruhusiwa hadi siku 90. Tiketi, picha na risiti za safari hizo zitunzwe. Siku ya mahojiano, maafisa wanapopima kama ndoa ni ya kweli, zitasaidia kuonyesha kwamba mmekuwa pamoja.

Usawa katika safari za wanandoa haupo, nami siwezi kuupamba ukweli huo. Mdigo wa Ukunda aliyeoa Tanga hushika barabara ya Lunga Lunga akiwa na pasipoti au hati ya muda na kadi ya homa ya manjano, akavuka Horohoro bila visa wala ada yake, kwa itifaki ya soko la pamoja iliyoanza kutumika Julai 2010. Mwenzake aliyeolewa Ujerumani hudaiwa kuthibitisha kwamba hana nia ya kuishi na mumewe, ilhali kuishi pamoja ndiyo maana ya ndoa.

Ukikataliwa visa ya kutembea, ombi lako la kuhamia halifutiki. Basi usikate tamaa, na usimpe fedha mtu yeyote anayekuahidi visa kwa njia ya mkato. Wiki ijayo tutaeleza mtihani wa A1 ulivyo na namna ya kujiandaa ukiwa hapahapa Kwale.