Wakorea na Chai Isiyo na Majani

Ukiketi kwenye mgahawa wa kawaida jijini Seoul, mara nyingi kabla hujaagiza kitu utawekewa jagi la maji ya rangi ya kahawia hafifu. Hayalipiwi, wala hayamo kwenye orodha ya vyakula. Hayo ni boricha, maji ya shayiri iliyokaangwa, na ndani yake hamna hata jani moja la chai. Watalii huyanywa huku macho yako kwenye simu, kisha jioni wanalipia nafasi kwenye maonyesho ya chai ya kijani, wakiamini ndipo watakapouona utamaduni wenyewe. Kwa maoni yangu wameshauacha mezani. Maonyesho yale ni mazuri na yana historia ndefu nyuma yake, ila Mkorea wa kawaida, kwa karne nyingi, amejipatia kinywaji chake kutoka kwenye nafaka, matunda na mizizi. Jani la chai lilibaki zaidi mikononi mwa watawa na wasomi.

Shayiri hukaangwa kavu mpaka iwe kahawia iliyokolea. Katika joto lile, protini na sukari za nafaka huungana na kutoa harufu ya jamii moja na ile ya kahawa inayokaangwa. Kisha punje huchemshwa ndani ya birika kubwa, maji yakachujwa na kupozwa. Hayana kafeini, kwa hiyo hata watoto hupewa na wazee huyanywa usiku bila kukosa usingizi. Kiangazi jagi hukaa kwenye friji, baridi ikiingia hunywewa ya moto. Nyumba nyingine hupendelea mahindi yaliyokaangwa, yaitwayo oksusucha, ambayo yana utamu zaidi, au huchanganya nafaka zote mbili ili mahindi yapunguze uchungu wa shayiri. Asiyepatana na gluteni ajue tu kwamba shayiri inayo.

Hata hivyo boricha yenyewe imerithi kiti cha mwenziwe. Zamani wali wa Korea ulipikwa kwenye chungu kizito cha chuma kilichojengewa juu ya meko, na moshi wa moto ule ule ulipita chini ya sakafu kupasha vyumba joto. Chungu kile hakikuwa cha kubeba na kupeleka kisimani kuoshwa. Wali ukishapakuliwa, mpishi alimimina maji juu ya ukoko, akauacha uchemke, akaukwangua. Maji hayo, sungnyung, ndiyo yaliyofunga mlo: chungu kimesafishika na watu wamepata cha moto cha kushushia. Msomaji aliyewahi kugombea ukoko na nduguze hahitaji kuelezwa zaidi. Baadaye, katika nusu ya pili ya karne ya 20, majiko ya umeme ya kupikia wali yakaenea na ukoko ukatoweka majumbani. Hamu ya maji yenye harufu ya nafaka iliyoungua kidogo haikutoweka nao, na shayiri ikaichukua nafasi hiyo.

Kwa nini basi majani ya chai hayakushika, ilhali China na Japani, majirani wa pande zote mbili, wameyashika kwa mikono miwili? Sababu ya kwanza ni baridi. Mchai hauvumilii majira ya baridi ya sehemu kubwa ya rasi ile; hustawi kusini tu, kwenye miteremko ya mlima Jiri, pwani ya Jeolla na kisiwa cha Jeju. Samguk Sagi, kitabu cha historia kilichokamilishwa mwaka 1145, kinasimulia kwamba mwaka 828 mjumbe Kim Dae-ryeom alirudi kutoka China na mbegu za chai, naye Mfalme Heungdeok wa Silla akaamuru zipandwe huko Jiri. Wakati wa utawala wa Goryeo, kuanzia 918 hadi 1392, dini ya Buddha ilikuwa na nguvu, mahekalu yalitunza mashamba ya chai, na ikulu ilikuwa na idara yake ya chai iliyoitwa Dabang.

Sababu ya pili ni siasa na kodi. Watawala wa Joseon walioshika nchi mwaka 1392 walifuata mafundisho ya Confucius na kuyabana mahekalu, na mahekalu ndiyo yaliyokuwa yakiilea chai. Serikali, lakini, iliendelea kudai chai kama kodi, hata mahali isipoota. Katika miaka ya 1470 msomi Kim Jong-jik alipelekwa kuwa mkuu wa wilaya ya Hamyang, akakuta wananchi wanadaiwa chai ambayo hawana. Walikuwa wakivuka hadi Jeolla kuinunua, wakitoa kipimo kizima cha mchele wapewe sehemu moja ya mia ya kipimo hicho kwa chai. Kim aliikumbuka habari ile ya Samguk Sagi, akawauliza wazee, wakatafuta mpaka wakapata michai michache ndani ya kichaka cha mianzi karibu na hekalu la zamani. Akainunua ardhi ile na kuifanya shamba la serikali, ili kodi ilipwe kutoka hapo. Kwangu mimi kisa hiki kinaeleza mengi kuliko hoja zote za hali ya hewa. Mkulima aliyezoea kuiona chai kwenye orodha ya madeni hawezi kuionea hamu kikombeni.

Jambo la ajabu ni kwamba miongoni mwa waliokuja kuifufua walikuwamo watu walioadhibiwa. Jeong Yak-yong, mmoja wa wanazuoni wakubwa wa Korea, alifukuzwa ikulu na kukaa uhamishoni Gangjin, kusini kabisa, kuanzia 1801 hadi 1818. Huko chai ilijiotea yenyewe kando ya mlima. Alipoachiliwa, wanafunzi wake waliweka mkataba wa kuchuma chai na kumpelekea kila mwaka. Mtawa Choui, aliyeishi 1786 hadi 1866, alijifunza kwake, kisha akajenga kibanda chake, Ilji-am, juu ya hekalu la Daeheungsa. Mwaka 1837 aliandika Dongdasong, utenzi wa kuisifu chai ya Korea. Rafiki yake Kim Jeong-hui, bingwa wa maandishi ya brashi, naye alitupwa Jeju mwaka 1840, na kutoka kwake zimebaki barua za kuchekesha. Katika moja anamwambia Choui kwamba yeye mwenyewe hamtaki wala barua zake hazitaki, anachotaka ni chai, tena ailete pamoja na deni la nyuma.

Chai ya aina ya Choui ingali inatengenezwa Hadong, bondeni Hwagae, mahali ambapo michai huota katikati ya mawe bila mistari iliyonyooka. Mwaka 2017 shirika la FAO liliutambua ukulima huo kama urithi wa kilimo wa dunia. Majani hukaangwa kwenye chungu cha chuma chenye moto mkali, mikono ikiwa imevikwa glavu nene. Moto unaua vimeng'enya ambavyo vingeyageuza majani kuwa meusi. Kisha husuguliwa juu ya mkeka, yakapozwa, yakarudishwa chunguni, mara kadhaa. Japani kwa kawaida hutumia mvuke, ndiyo maana chai yake hunukia mwani na majani mabichi, wakati ya Hadong ina harufu ya karanga. Yanayochumwa kabla ya tarehe 20 Aprili huitwa ujeon na bei yake hutisha. Mimi ningemshauri anayeanza anunue sejak, ya mchumo unaofuata: ina ladha nzito zaidi na haiumizi mfuko. Maji yake yasichemke yakatokota. Nyuzi 70 hivi zinatosha, na ndiyo maana meza ya chai ya Kikorea ina bakuli la ziada la kupozea maji. Ukiitia sufuriani pamoja na maziwa, kama tulivyozoea, utapata uchungu mtupu.

Matunda na mizizi vina ulimwengu wake. Yuja, tunda la jamii ya ndimu livunwalo Novemba, hukatwa vipande vyembamba pamoja na ganda, likachanganywa na sukari ya uzito ule ule na kuhifadhiwa kwenye chupa. Kijiko kimoja katika maji ya moto ndiyo yujacha. Watu huinywa wakiwa na mafua. Inatuliza koo, sibishi, ila mwenye kisukari aihesabu kama jemu. Daechucha hutokana na makunazi ya kule, makubwa na mekundu kuliko yetu, yanayochemshwa kwa saa nyingi mpaka yawe mazito kama uji. Omija, tunda dogo jekundu, linataka ustadi wa kinyume: hulowekwa kwenye maji baridi usiku kucha, kwa sababu ukilichemsha, uchungu wake hufunika ladha nyingine zote.

Na kuna ssanghwacha, nyeusi kama lami, ya mizizi ya peoni, astragalasi na mingineyo, pamoja na mdalasini na susi. Asili yake ni dawa, nayo imo katika Dongui Bogam, kitabu cha tiba cha Heo Jun kilichochapishwa mwaka 1613. Karne ya 20 ilipoleta mikahawa ya kahawa, nayo ikaitwa dabang, jina lile lile la idara ya Goryeo, ssanghwacha ilipata nafasi kwenye meza zake, na juu ya kikombe hutiwa kiini kibichi cha yai. Mjini Jeongeup kuna mtaa unaojulikana kwa kinywaji hiki kimoja. Usikikoroge kiini. Kichote kwa kijiko kikiwa kizima, ukimeze mara moja, halafu ndiyo uanze kunywa.