Karabini ya .22 hapa Kyavinyonge?
Wadogo wameniuliza: huu mchezo wa kulenga shabaha ya mbali kwa karabini ya .22, tuuandae huku kwetu? Kwenye Olimpiki wanapiga mita 50, na duara la alama 10 lina milimita 10.4 tu. Kwa mita 200, risasi hiyo nyepesi inashuka zaidi ya mita moja, upepo nao unaisukuma pembeni. Hesabu hiyo ndiyo utamu wenyewe.

Lakini mwandaaji anauliza kwanza: nyuma ya shabaha kuna nini? Risasi iliyokosa inaweza kupita kilometa moja. Kwetu mbele ni Ziwa Edouard, wavuvi wako ndani, na risasi ikigonga maji inaruka tena. Nyuma ni Virunga. Halafu jimbo liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021. Mlio mmoja tu, watu wanakimbia. Mimi nasema hapana. Tuanze na manati, mita 20, kichuguu nyuma.