Ofisi Moja kwa Vyuo Vingi: Uendeshaji wa Utafiti katika Ukanda wa Dhahabu

Mbale ya dhahabu inayosagwa kwenye makarasha ya wachimbaji wadogo wa Geita huoshwa kwenye mialo, na mchanga mzito unaobaki huchanganywa na zebaki. Zebaki hunasa chembe za dhahabu na kufanya donge. Donge likichomwa, zebaki hugeuka mvuke na kupotea hewani, na dhahabu hubaki. Sehemu ya zebaki huchukuliwa na tope hadi mitoni, ambamo bakteria waweza kuigeuza kuwa methilizebaki, sumu kali ya ubongo inayojilimbikiza katika miili ya samaki.

Hayo mwanafunzi wa kemia aweza kuyasoma darasani. Jambo ambalo halimo katika vitabu vyake ni hili: mwalimu wa chuo kidogo cha mkoani akitaka kupima zebaki katika samaki na watu wa kijiji kimoja, atapita katika ofisi ngapi kabla hajamtia samaki wa kwanza katika barafu?

Ofisi hizo si chache. Vibali vya utafiti nchini husimamiwa na Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Utafiti ukigusa miili ya watu, hata kama ni kukata unywele tu, lazima upitiwe na kamati ya maadili. Kamati ya taifa ya maadili ya utafiti wa afya iko chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Kisha ziko barua za mkoa, wilaya na kijiji. Sampuli zikipelekwa nje ya nchi, unahitajika mkataba unaoeleza ni za nani na zitatumiwa kwa kazi gani. Mfadhili naye hudai taarifa za maendeleo, stakabadhi na hesabu zilizokaguliwa. Kila hitaji lina sababu yake njema. Yote kwa pamoja ni kazi ya watu watatu au wanne walioajiriwa kwa kazi hiyo, nacho chuo kidogo hakina hata mmoja. Mwalimu huifanya mwenyewe, usiku, baada ya kusahihisha madaftari.

Chukua vyuo vilivyo karibu na migodi. Kizumbi, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, pana tawi la Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Kolandoto pana chuo cha sayansi za afya kilicho jirani na hospitali ya zamani ya misheni. Viko pia vyuo vya ufundi na vya ualimu katika mikoa yote miwili. Walimu wa vyuo hivi huishi mahali ambapo maswali yenyewe yanazaliwa. Kwa kiasi kikubwa, hata hivyo, utafiti mashuhuri juu ya ukanda huu umeendeshwa na taasisi za mbali: kazi ya Ikingura wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Akagi wa Japani, iliyochapishwa mwaka 1996, juu ya zebaki katika samaki na watu wa machimbo ya kusini mwa Ziwa Victoria, na uchunguzi wa Rwamagasa, wilayani Geita, uliofanywa na Shirika la Jiolojia la Uingereza katika miaka ya 2003 na 2004 chini ya mpango wa Umoja wa Mataifa. Taasisi hizo zilikuwa na wataalamu na mitambo, bila shaka. Zilikuwa pia na wahasibu.

Hesabu ndogo itaonyesha ugumu ulipo. Kwa miaka mingi Taasisi za Taifa za Afya za Marekani ziliruhusu asilimia 8 ya gharama halisi iwe fungu la uendeshaji kwa taasisi za nchi za nje. Chuo kikipata mradi wa dola 20,000, fungu hilo ni dola 1,600. Fedha hiyo haimwajiri mhasibu wa mradi kwa mwaka mzima, sembuse mtu wa kufuatilia vibali. Lakini vyuo kumi vyenye miradi kama huo vikiweka mafungu yao pamoja, hupatikana dola 16,000, na hapo yaweza kuanzishwa ofisi ndogo ya watu wachache wanaojua kazi yao: mmoja anayeshika kalenda ya vibali na taarifa, mwingine anayeshika vitabu vya hesabu. Mtu anayeandika ombi la kibali mara ishirini kwa mwaka hulijua vizuri kuliko yule anayeliandika mara moja katika miaka mitatu.

Kwa watu wa Usukumani wazo hili si geni hata kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba walichoshwa na mizani ya wafanyabiashara, wakaanza kuweka mizani yao wenyewe kuhakiki uzito. Paul Bomani alikuwa miongoni mwa viongozi wao. Vyama vidogo vya msingi vilienea vijijini, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Chama cha kijiji kimoja hakikuweza kumiliki kinu cha kuchambua pamba wala kumlipa mhasibu hodari. Shirikisho liliweza, na likawa mojawapo ya mashirika makubwa ya ushirika barani Afrika.

Historia hiyo ina nusu ya pili, ambayo wapenzi wa ushirika hupenda kuiruka. Makato yaliongezeka, ofisi zikanenepa, na mkulima akaona sehemu ya bei ya pamba yake ikibaki njiani. Mwaka 1966 Serikali iliunda kamati maalumu ya kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao. Baadaye uongozi wa Shirikisho uliwekwa chini ya Serikali, na chombo chenyewe kikageuzwa kuwa Chama Kikuu cha Nyanza. Mwaka 1976 vyama vikuu vilifutwa nchini kote, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Kosa halikuwa kushirikiana mhasibu. Kosa lilikuwa kwamba mwenye pamba hakuweza tena kukiona kitabu cha mhasibu huyo.

Katika utafiti, kushirikiana kumekwisha kuanza, ingawa si kwa vyuo vidogo vya migodini. Mjini Mwanza, Chuo Kikuu cha Katoliki cha Afya na Hospitali ya Bugando vina kamati moja ya maadili ya utafiti badala ya mbili. Kituo cha majaribio ya tiba kilichoanzishwa huko mwaka 2006 ni cha pamoja kati ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti na chuo cha afya cha London. Maktaba za vyuo vikuu vya Tanzania nazo zimeunda umoja wa kulipia majarida ya kielektroniki, kwa sababu bei anayotajiwa mnunuzi mmoja si ile wanayotajiwa wengi.

Ziko kazi ambazo zaweza kutolewa nje kabisa bila hasara. Kupima zebaki katika nywele kwahitaji mtambo wa thamani na fundi wa kuutunza. Hakuna haja ya kila chuo kuwa nao, ilimradi Mkemia Mkuu wa Serikali ana maabara Mwanza. Lakini mtambo hutoa tarakimu tu. Mwaka 1999 watafiti wa Kijapani wakiongozwa na Masazumi Harada, daktari aliyetumia maisha yake kuwachunguza wagonjwa wa Minamata, walichapisha matokeo ya nywele za watu wa eneo la Ziwa Victoria. Baadhi yao walikuwa na zebaki nyingi mno, na chanzo kilichotajwa hakikuwa dhahabu wala samaki, bali sabuni za kung'arisha ngozi zilizotiwa zebaki. Swali la sabuni haliulizwi na mtambo. Huulizwa na mtu anayejua ndani ya nyumba mna nini.

Mkataba wa ofisi ya pamoja, basi, wapaswa kutenganisha mambo haya kwa maandishi tangu siku ya kwanza. Ofisi hushika vibali, malipo, ununuzi na tarehe za taarifa. Chuo hubaki na swali la utafiti, daftari la uwandani, nakala ya matokeo yote, na haki ya kulitia au kutolitia jina lake katika makala. Makato yatajwe kwa tarakimu, si kwa maneno kama «gharama zinazofaa». Na mwalimu wa Kolandoto au Kizumbi aweze kuingia katika ofisi hiyo siku yoyote ya kazi, aombe kitabu cha hesabu cha mradi wake, akisome akiwa amesimama pale pale kaunta, kama wale wakulima walivyosimama mbele ya mizani.