Nyumba Njema si Mlango

Wasomaji wetu wa Katanga waujua mtaa wa Kamalondo, katika mji wa Lubumbashi. Wajua pia kwamba mji huo uliitwa Elisabethville tangu ulipoanzishwa mwaka 1910 hata mwaka 1966. Lakini vijana wengi wa shule hawajui kwa nini mtaa huo wa zamani ulijengwa mbali kidogo na nyumba za Wazungu. Wengine hudhani ni bahati tu. Sivyo. Mtaa uliwekwa pale kwa amri, na amri ile ilitolewa kwa jina la afya. Leo twataka kuwaeleza habari hiyo, maana ina mafundisho kwa kila baba na mama akaaye mjini.

Reli ya kutoka kusini ilifika mwaka 1910. Mwaka uliofuata moto ukawashwa katika tanuru ya shaba, kando ya mto Lubumbashi. Watu wakaja kwa wingi kutafuta kazi: wengine toka Rhodesia na Nyasaland, wengine toka Kasai na bonde la Lualaba, na baadaye wengine toka Ruanda-Urundi. Kazi ilikuwa tayari, lakini nyumba hazikuwa tayari. Wanaume walilala wengi pamoja katika vibanda vibaya, penye moshi na baridi ya usiku. Nichomio, kuhara damu na homa ya matumbo viliwaua wengi. Mwisho wa mwaka 1918 ikaja influenza, iliyosafiri kwa reli pamoja na abiria, nayo ikafanya maombolezo makubwa.

Serikali ya Wabelgiji na waganga wake walifikiri wafanye nini. Wakati ule elimu ya magonjwa ilikuwa imepata nuru mpya. Mwaka 1897, huko India, mganga Mwingereza Ronald Ross aliona vijidudu vya malaria ndani ya mbu. Basi watawala wengi katika Afrika wakafanya hesabu hivi: damu ya watu weusi ina vijidudu vya malaria, mbu huvichukua na kuwapelekea Wazungu, lakini mbu haruki mbali sana, kwa hiyo tuache uwanja mtupu kati ya makao ya hawa na makao ya wale. Mahali hapo paliitwa kwa Kifaransa « zone neutre ». Katika Elisabethville palikuwa na upana wa mamia ya mita. Mwaka 1921 Waafrika waliokaa karibu na mji wa Wazungu walianza kuhamishiwa ng'ambo ya uwanja huo, katika mtaa mpya ulioitwa Albert, ndio Kamalondo ya leo.

Tuipime hesabu hiyo bila hasira. Kwamba mbu huleta malaria ni kweli tupu. Lakini dawa waliyochagua ilikuwa na kasoro kubwa. Kwanza, mabwana wenyewe waliwataka wapishi na maboyi wao kila siku, na wengine wao walilala nyuma ya nyumba za mabwana. Mbu hakuwa na haja ya kuvuka uwanja. Pili, kama mbu ni adui, sharti apigwe vita kila mahali: maji yaliyotuama yatolewe, mifereji ichimbwe, watu wote wapate vyandarua. Uwanja mtupu ulikusudiwa kumkinga mtu wa upande mmoja tu. Yule wa upande wa pili aliachiwa mbu wake.

Tena kuna jambo kubwa zaidi. Magonjwa mengi ya mjini hayategemei umbali kati ya mtaa na mtaa. Hutegemea umbali kati ya kitanda na kitanda. Tangu mwaka 1882, Mjerumani Robert Koch alikwisha kuonyesha kijidudu cha kifua kikuu. Huyo hahitaji mbu. Hupita hewani, kutoka katika kifua cha mtu akohoaye hata kifua cha jirani yake, hasa katika chumba kisicho na dirisha. Vivyo hivyo kuhara damu hufuata choo kibaya na maji machafu. Ukiwahamisha watu kumi wa chumba kimoja, na kule waendako ukawapa tena chumba kimoja, umeuhamisha ugonjwa pamoja nao.

Hapo ndipo amri za afya zilipogota katika miji mingi. Amri ilisema: watu wengi wasilale katika chumba kimoja. Ni neno jema. Lakini tuulize: huyo aliyezidi aende wapi? Mshahara ulikuwa mdogo, kodi ilikuwa kubwa, na viwanja vilikuwa vichache kwa sababu mtu mweusi hakuruhusiwa kujenga apendapo. Ndugu amefika toka kijijini. Je, atafukuzwa mlangoni? Mwenye nyumba naye alipangisha chumba cha pili apate franka za kuwavika watoto. Basi mkaguzi alipokuja aliwaona wachache, na usiku walikuwa wengi tena. Si kwa sababu watu hawa walipenda uchafu, bali kwa sababu amri iliwanyima chumba bila kuwapa kingine.

Kampuni ya Union Minière ilijifunza jambo hili kwa njia ya hesabu. Mtu aliyekufa au kukimbia baada ya miezi michache ilikuwa hasara kwake, na kumtafuta mwingine kulikuwa ghali. Kwa hiyo, mnamo mwaka 1928, ilianza kuwaandika watu kwa miaka mitatu, ikawakaribisha wake zao, ikajenga nyumba bora zaidi, ikaangalia chakula, maji na afya ya akina mama na watoto. Vifo vikapungua sana. Twakiri kwamba hayo yalikuwa mema. Lakini nyumba ile haikuwa mali ya mfanyakazi. Kazi ikiisha, nyumba nayo imekwisha, na mama huwafunga watoto wake mzigo.

Baada ya vita ya 1939–1945 watu walimiminika mjini kuliko zamani, na mitaa ya Albert na Kenya ikajaa. Ndipo ilipojaribiwa njia nyingine. Mtawala mmoja wa Serikali, Ferdinand Grévisse, aliona ya kuwa mwenyeji mwenyewe aweza kujenga, kama akipewa kiwanja, mkopo wa vifaa, na fundi wa kumwonyesha. Hivyo ulianza mtaa wa Katuba, mnamo mwaka 1950. Mwaka 1952 Serikali ikaunda ofisi kubwa ya kujenga nyumba za Waafrika, iliyojulikana kwa herufi OCA. Hata kufikia mwaka 1960 ilikuwa imejenga nyumba karibu 40,000. Ruashi katika Elisabethville, Bagira katika Bukavu, Matete katika Léopoldville, na Ngagara katika Usumbura, yote ni mitaa iliyojengwa nayo.

Tusidanganyane: watu wa mshahara mdogo kabisa hawakuweza kulipa hata mkopo huo. Tena mitaa ya Waafrika iliendelea kutengwa na ya Wazungu. Lakini tofauti na mwaka 1921 ni kubwa. Mtu ajengaye nyumba yake hutoboa dirisha bila kungoja mkaguzi, maana ni mwanawe atakayelala humo. Huchimba choo mbali na kisima, maana ni kisima chake kitakachoharibika. Na mwisho wa mwaka 1957 wenyeji wa mitaa ya Elisabethville walipopiga kura kwa mara ya kwanza, walipata nao neno la kusema juu ya mji wao.

Wahenga walisema: Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mji wa kwanza wa Elisabethville ulikuwa na mlango mzuri: barabara zilizonyoka, miti, uwanja mpana wa kuzuia magonjwa. Ilipasa kufungua na kuingia ndani, kuhesabu vitanda.

Nasi leo, wazazi wapenzi, tuhesabu. Watu wangapi hulala katika chumba kimoja? Je, dirisha hufunguliwa, au limezibwa na masanduku? Akohoaye kwa majuma mengi amekwisha kupelekwa kwa mganga? Maji ya kunywa yatoka wapi, na choo kiko umbali gani? Hayo twaweza kuyafanya wenyewe. Na ninyi vijana mtakaokuwa siku moja makarani, waganga na wakubwa wa miji, mkitaka kuandika amri ya kupunguza watu katika chumba, andikeni kwanza mahali watakapopata chumba cha pili.