Katalogi ya shangazi



Wenye umri wangu bado mnaikumbuka ile katalogi nene ya shangazi yangu, fundi wa kushona. Ilikuwa ya La Redoute, duka la Ufaransa lililokuwa likiuza kwa barua. Mfanyabiashara mmoja aliileta kutoka Bujumbura pamoja na marobota ya mitumba, na shangazi akaichukua kwa kuku wawili. Jalada lilikuwa limekwisha kutoka, kwa hiyo mwaka wake hatukuujua. Bei zake zilikuwa za franka za Ufaransa, basi ni ya kabla ya euro.

Duka hilo ni la Roubaix, mji uliokuwa wa viwanda vya sufu, na katalogi yake ya kwanza ilitoka mwaka 1928. Biashara yenyewe ni ya zamani zaidi. Huko Chicago, Marekani, mwaka 1872, Montgomery Ward alianza na karatasi moja tu yenye orodha ya bidhaa, akiwauzia wakulima waliokaa mbali na maduka. Watu wa mbali na maduka, si ndio sisi? Ila kwetu barua ya kuagiza ingepitia njia gani? Shangazi hakuagiza hata kifungo.

Mteja alikuja na kitenge chake, akaketi kwenye mkeka, akafunua kurasa. “Unishonee hii, lakini mikono iwe ya libaya.” Shangazi alitazama picha kidogo, kisha akashika mkasi. Sisi watoto tulingojea kurasa za friji na vitanda, tukagawana, “hiki changu, hiki changu,” mpaka tukapigana. Nyuma kabisa kulikuwa na jedwali la vipimo: kifua, kiuno, nyonga, kwa santimeta. Pale ndipo nilipojifunza kusoma mita ya kushona kabla sijaingia shule. Hata leo nikifundisha vipimo ninaanza na kiuno cha mtoto, siyo na urefu wa ubao.

Daftari lilikuwa ghali. Kwa hiyo kando ya picha iliyochaguliwa shangazi aliandika kwa penseli jina la mteja na vipimo vyake.

Vita vilipofika tulikimbilia porini. Shangazi alibeba kichwa cha mashini, meza akaiacha, na katalogi pia. Tuliporudi hapakuwa na sufuria wala milango, lakini katalogi ilikuwapo, imelowa upande mmoja. Karatasi ile ya kung’aa haifai kusokota tumbako. Labda ndiyo sababu ilipona.

Mwaka jana alikuja mama mmoja kutoka upande wa Kabambare. Mama yake alifia porini, na picha yake haipo hata moja. Alikuwa amesikia kwamba jina lake limo humu. Macho ya shangazi hayaoni tena maandishi madogo, kwa hiyo mimi ndiye niliyesoma, asubuhi nzima. Tulilipata kando ya gauni la buluu: kifua 92, kiuno 74, nyonga 101, mikono mifupi. Yule mama akaomba mita, akajipima palepale. Kiuno kilipishana santimeta mbili. Alinyamaza muda mrefu, kisha akamwuliza shangazi, “Alitembeaje?” Shangazi, pamoja na magoti yake mabaya, akasimama na kumwonyesha, kutoka mlangoni mpaka kwenye mashini.

Siku hizi binti anamwonyesha fundi picha kwenye simu, na kesho simu imejaa, picha imefutwa. Marekani kwenyewe, Sears waliacha katalogi yao kubwa mwaka 1993. Sina ugomvi na simu. Hata mimi ninayo. Lakini penseli ya shangazi inafifia, na mahali palipolowa tayari siwezi kusoma. Nimeanza kunakili majina katika daftari, jioni baada ya kusahihisha kazi za watoto. Nimefika 63.

Kurasa zinazokosekana ninajua ziko wapi. Ziko kwenye kuta za nyumba zenu, maana tulizibandika wenyewe kwa uji wa muhogo. Msizibandue, zitachanika. Niiteni tu siku yoyote baada ya saa saba, nitakuja na daftari, na kama kuna mtoto mwenye macho mazuri wa kunisaidia kusoma, asiende mbali.